Kipepeo cha Manila Hakimfundishi Mtoto Kusoma

Semina ya juzi ya walimu wa madarasa ya chini tulikata vipepeo. Sitanii. Watu wazima na vyeti vyetu, tumeinama juu ya karatasi za manila tangu asubuhi hadi wakati wa chai, tunakata, tunapaka rangi, tunabandika "ba" kwenye bawa moja na "be" kwenye bawa jingine. Mwezeshaji alikuwa anapita meza kwa meza: "Somo lichangamke, walimu! Somo lichangamke!" Mwalimu mmoja mama wa makamo akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu zote, "Samahani mwezeshaji, mtoto akimaliza kipepeo chake atakuwa amesoma nini?" Watu wakacheka. Mwezeshaji naye akacheka. Kisha akasema tuendelee, muda unatukimbia.

Muda ulitukimbia kweli. Swali halikujibiwa.

Sasa mimi nalijibu hapa, kwa hasira zangu zote: atakuwa amesoma silabi mbili. Labda. Dakika zilizobaki kakata, kagombea mkasi, kalia kwa sababu gundi imemwagika, kasubiri rangi nyekundu iliyoko kwa jirani. Mwulize jioni leo mmefanya nini, atakwambia "tumetengeneza kipepeo", na wala hadanganyi. Kilichokuwa kichwani mwake kipindi kizima ni kipepeo, kwa hiyo kilichobaki kichwani mwake ni kipepeo. Mtoto hubaki na kile alichokifikiria. Hakumbuki lengo mahsusi uliloliandika kwa kalamu nyekundu kwenye andalio la somo.

Kuna jambo walimu wa hesabu wangelibandika ukutani badala ya vipepeo. Mwaka 2008 Robert Siegler na Geetha Ramani, watafiti wa Marekani, walichapisha matokeo ya kamchezo kadogo walikocheza na watoto wa chekechea wa familia zenye kipato duni. Ni ubao wenye vyumba 10 vilivyopangwa mstari mmoja. Unazungusha mshale, unapata moja au mbili, unasogeza kete yako, unataja ulipopita. Kundi moja ubao wake ulikuwa na namba 1 hadi 10. Kundi jingine ubao ulikuwa na rangi tu, wakawa wanataja rangi. Mchezo ni uleule, msisimko uleule, kushangilia kulekule. Walicheza vipindi 4 vya kama dakika 15, ndani ya wiki mbili. Waliocheza na namba wakapanda: kuhesabu, kutambua tarakimu, kujua ipi kubwa ipi ndogo, kukadiria namba inakaa wapi kwenye mstari. Wiki 9 baadaye walikuwa bado nayo. Waliocheza na rangi? Walifurahi.

Na si hilo tu. Mwaka 2014 Siegler huyohuyo na Elida Laski walifanya tena, safari hii kwa ubao wa namba hadi 100. Mtoto yuko chumba cha 25, amepata mbili. Wengine walielekezwa kusema "ishirini na sita, ishirini na saba", yaani namba zilizoandikwa kwenye vyumba. Wengine walisema "moja, mbili", kama watoto wengi wanavyosogeza kete wakiachwa wenyewe. Waliosema namba za vyumba ndio waliofaidika zaidi. Ubao mmoja, kete zilezile, tofauti ni kinachotoka mdomoni tu. Halafu mtu anasimama mbele ya walimu wazima kutuambia siri ya kufundisha ni uchangamfu!

Haya, nakubali, darasa lililopooza halifundishi. Mtoto wa miaka sita akikalishwa kama karani kipindi kizima, akili inatoka kupitia dirishani. Nyimbo zinasaidia, kusimama na kutembea kunasaidia, na vidole vidogo vinahitaji mkasi. Basi mkasi upewe kipindi chake cha kazi za mikono, tujue tunafundisha mkasi. Shida yangu ni kuuweka ndani ya somo la kusoma, kisha mkaguzi aje aseme "hongera mwalimu, darasa linavutia."

Na wale mnaojiona mmesalimika kwa kuwa hamkati vipepeo, mnaimbisha "ba be bi bo bu" kwa fimbo na chati, nanyi mmo humuhumu. Simama kando ya darasa linaloimba chati uangalie macho. Nusu wanatazama mlango. Wimbo wanaujua, wamekariri mdundo. Wafunike silabi nne, uwaachie "bu" peke yake, utaona wanavyoanza kunong'ona "ba, be, bi..." ili waifikie. Huyo hajui "bu". Huyo anajua wimbo.

Kwa hiyo nikipanga shughuli naanza na swali moja: kila mtoto, na nasema kila mtoto, leo atasoma maneno mangapi kwa macho yake mwenyewe, au ataunda namba ngapi kwa mikono yake? Naliandika jibu kwenye ile safu ya "shughuli za mwanafunzi" ambayo wengi wetu tunaijaza "kusikiliza na kushiriki kikamilifu". Kushiriki nini? Ukiandika namba, andalio linajihukumu lenyewe. "Mtoto mmoja kuja ubaoni" ni neno moja kwa mtoto mmoja, wenzake wote wakiwa watazamaji.

Mfano wa kusoma. Chukua silabi tano: ba, ta, ka, ma, li. Kadi ndogo, hazina ua wala kipepeo. Watoto wawiliwawili. Mmoja anaunganisha kadi mbili, mwenzake anasoma kwa sauti kisha anatoa hukumu: neno la kweli au la uongo? Bata, kweli. Kali, kweli. Mali, kweli. "Mata"? Hapo kelele inaanza, na ni kelele ninayoitaka, kwa sababu ili wabishane lazima wasome, na ili wahukumu lazima wafikirie maana. Hili la maana si dogo. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishazijua silabi anaweza kukusomea ukurasa mzima kwa sauti safi bila kuelewa hata sentensi moja, nasi tukapiga makofi kwamba mtoto anasoma. Mchezo wa kweli-uongo unamnyima njia hiyo ya mkato. Katika dakika 15 kila mtoto anasoma maneno mengi kuliko anavyosoma wiki nzima ya kuimba chati, tena anacheka, maana hakuna kinachomfurahisha mtoto wa darasa la kwanza kama kumkamata mwenzake na neno la uongo.

Wakishazoea, ingiza penye miba: mba, nda, nya, ngo na ng'o. Hapo ndipo watoto wanapoanguka, na hapo ndipo chati zetu za rangi zinapoishia. Weka "ngoma" na "ng'ombe" kwenye rundo moja uone.

Upande wa hesabu, mwambie mtoto aandike kumi na tatu. Wapo watakaoandika 103. Kuna mwalimu atacheka, kuna mwalimu ataweka alama ya kosa na kuendelea. Lakini mtoto ameandika sawasawa na alichosikia: kumi, hiyo 10, na tatu, hiyo 3. Hana ujinga wowote, ana mantiki nzuri isiyo na thamani ya nafasi, yaani hajajua kwamba ile 1 ya kwenye 13 imekaa mahali pa kumi. Dawa yake ni vijiti na kadi. Kadi ya 10 iwe na upana mara mbili ya kadi ya 3. Kwanza aijenge kumi na tatu yenyewe: fungu moja la vijiti kumi vilivyofungwa kwa raba, na vijiti vitatu pembeni. Kisha aweke kadi ya 3 juu ya ile sifuri ya 10. Sifuri inafunikwa, inatokea 13, na akitilia shaka anainua kadi anaiona 10 bado iko chini yake. Hakuna maelezo ya mdomo yatakayofanya kazi hiyo, hata uwe na sauti tamu namna gani.

Siku inayofuata ni mashindano: tupa dadu, chukua vijiti, vikifika kumi funga fungu, wa kwanza kupata mafungu matano ameshinda. Kila mtoto atafunga kumi kwa mkono wake mara kadhaa kabla kengele haijalia. Kisha geuza mchezo: anza na mafungu matano, rudisha vijiti kadiri ya dadu. Atafika mahali anadaiwa sita na ana vijiti viwili vya pembeni, itambidi afungue fungu. Ukija kumfundisha kutoa kwa kukopa hutakuwa unamwambia habari ngeni.

Darasa kubwa? Ndiyo maana nasema wawiliwawili. Programu za kwenye simu? Zipime kwa swali lilelile, nyingi zinagawa nyota kwa kubonyeza.

Kitu kimoja kinachoharibu michezo hii yote ni mtoto mwepesi. Ukimweka na mwenzake mzito, anajibu yeye, anacheza yeye, na mzito anabaki kushika kadi kama mpagazi. Ukipita haraka utaona jozi inafanya vizuri. Mimi nina sheria: asiye na zamu kazi yake ni kukagua. Akijibu kwa niaba ya mwenzake, kadi inarudi kwenye rundo na pointi haihesabiwi. Mwenzake akikosea, haruhusiwi kusema jibu, anaruhusiwa kusema "soma tena" tu. Siku za mwanzo wale wepesi watakuja mezani kwako kulalamika kwamba fulani anachelewesha mchezo. Waache walalamike, uwaambie warudi wakasubiri.