Kabla ya Kumpa Darasa, Mfundisheni Kufundisha

Mwanafunzi wangu wa zamani amepata kazi. Ameajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi katika chuo kikuu kimoja, na nilifurahi mno, maana ni binti mwenye akili na hana papara. Wiki haijaisha akanipigia simu. "Shikamoo Mwalimu. Nimepangiwa kozi ya mwaka wa kwanza, naanza Jumatatu. Sijui hata nikiingia darasani nianzie wapi." Nikamuuliza idara imempa nini. Akasema amepewa ratiba, jina la kozi, na flashi yenye slaidi za aliyekuwa akiifundisha kabla yake.

Basi. Hayo ndiyo maandalizi yote aliyopewa mtu anayekwenda kusimama mbele ya watoto wa watu mia tatu.

Tangu siku ile nina hasira, na si hasira na yeye. Tunajua sote anavyopatikana mkufunzi msaidizi: GPA, yaani wastani wa alama za shahada, ya 3.8 kwenda juu, usaili, barua. Sina ugomvi na 3.8. Lakini GPA inatuambia alikuwa mwanafunzi hodari, haituambii kama anaweza kumwelewesha mwenzake jambo gumu. Anayekwenda kufundisha kidato cha kwanza kule Miono au Kiwangwa tunamtaka awe amesomea ualimu, amepelekwa mazoezi ya kufundisha, na amekaliwa nyuma ya darasa na mtu anayeandika kila anapokosea. Mtoto huyohuyo akishafaulu na kuingia chuo kikuu, tunamkabidhi kwa mtu ambaye hajawahi kukaliwa nyuma na yeyote. Nani aliamua kwamba kadiri somo linavyopanda, ndivyo ualimu unavyopungua?

Mimi naishi Bagamoyo, nikamwambia aje Jumamosi tukae. Akapanda gari stendi ya Makumbusho, Dar es Salaam, kabla ya adhuhuri yuko barazani kwangu na kompyuta yake. Kozi yenyewe ni utangulizi wa takwimu. Slaidi ya kwanza ilikuwa na aya tatu za maandishi madogo, ya pili vilevile, ya tatu fomula bila mfano. Akaanza kunionyesha atakavyofundisha, na ikawa ni kusoma kilichoandikwa, taratibu, kwa sauti nzuri.

Jirani yangu alikuwa amekuja kurudisha sinia. Ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, sote hapa mtaani tunamwita Mama. Akakaa kusikiliza. Baada ya muda akauliza, "Mwanangu, wakitoka humo darasani unataka wawe wanaweza kufanya nini?" Binti akatazama slaidi, akanitazama mimi, akakosa la kusema. Mama akaongeza, "Na utajuaje kama wameweza?"

Kisha akaomba karatasi. Nikampa ukurasa wa kalenda ya mwaka jana, akaugeuza nyuma akachora andalio la somo kwa rula ya mwanangu: muda, anachofanya mwalimu, anachofanya mwanafunzi, tathmini. Wakaanza kujaza pamoja. Safu ya mwalimu ilijaa haraka sana, ya mwanafunzi ikabaki nyeupe kutoka juu hadi chini. Binti aliiona mwenyewe, wala hakuna aliyemwambia. Akauliza sasa hapo aweke nini. Mama akamwambia waambie wakuletee bei za mafungu ya samaki sokoni, watafute wastani, halafu waongeze fungu moja la nguru mkubwa waone wastani unavyoruka wakati mafungu mengine yote yako palepale. Wakishashangaa, ndipo uwaandikie fomula.

Nimefundisha chuo kikuu miaka mingi, na sijawahi kuona semina ya wahadhiri iliyompa mtu kitu cha kutumia Jumatatu asubuhi kwa uhakika kama karatasi ile.

Ndiyo maana nikisikia "kuwaendeleza wanataaluma" sasa nauliza: kuwaendeleza katika nini? Kwenye vyuo vyetu neno hilo lina maana moja, kwenda masomoni. Shahada ya uzamili, halafu uzamivu. Mwenye bahati anapata ufadhili wa DAAD ya Wajerumani au wa Jumuiya ya Madola, asiye na bahati anajisomesha huku anafundisha na kusahihisha. Nakubali, uzamivu ni lazima. Bila utafiti chuo kikuu kinakuwa sekondari yenye majoho. Nakubali pia kwamba mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021, umepeleka wanataaluma wengi masomoni na siwezi kuubeza. Lakini mtu anaweza kukaa miaka minne akichambua udongo wa Pwani au mashairi ya karne ya 19, akarudi daktari wa falsafa, na asiwe amesoma hata saa moja kuhusu namna ya kutunga swali la mtihani linalopima kuelewa badala ya kukariri. Anarudi, anapandishwa kuwa mhadhiri, anapewa darasa kubwa zaidi.

Na kupanda huko kunakwenda kwa machapisho. Kipengele cha ufundishaji kipo, ila tunajua kinavyojazwa: wanafunzi wanapewa fomu mwisho wa semista, wakiwa wamechoka na wanaogopa mtihani, wanaweka vema popote. Kijana mwenye familia akiambiwa achague kati ya kuandika makala na kuboresha kozi yake, atafanya nini? Ataandika makala. Simlaumu hata kidogo.

Wakubwa zangu wa kazi huniambia, "Sisi nani alitufundisha kufundisha?" Hakuna. Na ni wangapi waliokula supu kwetu, yaani kurudia mitihani, wangapi waliodisko wakafukuzwa masomo, kwa sababu hiyo? Hatuna jibu kwa kuwa hatukutaka kulitafuta. Tulisema kozi ni ngumu, tukajivunia ugumu wake. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961 kilikuwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini. Kwa darasa la namna hiyo mtu angeweza kufundisha kwa mazungumzo, akamjua kila mmoja na anapokwama. Leo ukumbi umejaa hadi ngazi, nusu wanasikia, na wa nyuma wanategemea madesa, yaani notisi za kunakiliana. Ukumbi wa aina hiyo unahitaji ufundi wake, na ufundi hauji kwa kuzoea tu. Mwingine amezoea kukosea kwa miaka ishirini.

Hapa Bagamoyo tuna ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu. Walimu wakuu na wakuu wa shule wanakuja kutoka mikoani kujifunza kuendesha shule, kusimamia ufundishaji, kukaa na walimu wenye matatizo. Nawaona asubuhi na mafaili yao, watu wazima wenye mvi, wanasoma. Nchi hii inakubali kwamba kuongoza shule ya msingi kunasomewa. Mkuu wa idara ya chuo kikuu anaupata ukuu kwa barua, anajifunzia ofisini, na wanaoumia ni hao wakufunzi wasaidizi walio chini yake.

Tuna semina, nitaambiwa. Zipo, na nyingi zinafanyikia kwenye hoteli zetu za ufukweni. Siku mbili, mada sita, cheti. Hakuna anayefuatilia mtu darasani mwezi unaofuata aone kama kuna kilichobadilika, kwa hiyo hakibadiliki.

Lakini haiwezekani mtu aniambie kwamba haijulikani la kufanya. Kati ya 2018 na 2021 vyuo vikuu vya Mzumbe na Dodoma vilikuwa kwenye mradi wa TESCEA, pamoja na vyuo viwili vya Uganda, na wahadhiri walikaa chini kuzipanga upya kozi zao kuanzia kwenye swali lilelile la Mama: mwanafunzi aweze kufanya nini? Kazi nzuri. Lakini ulikuwa mradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Jambo la msingi namna hii halipaswi kungoja mfadhili. Norway tangu 2019 wameliweka kwenye kanuni: anayetaka nafasi ya kudumu ya kufundisha chuo kikuu awe na mafunzo ya ualimu wa elimu ya juu ya saa zisizopungua 200, na aliyeajiriwa bila hayo anapewa miaka miwili kuyakamilisha. Sisemi tuige saa zao. Nasema tuandike kanuni yetu, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, isimamie, na ihesabike mtu anapoomba kupanda cheo.

Hoja ya pesa siipokei. Walimu wa kutufundisha tunao na tunawalipa mishahara tayari. Vyuo vikuu vishiriki vya elimu, DUCE na Mkwawa, vipo, shule kuu ya elimu ipo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kila mwaka wanatoa walimu wa sekondari, wanafundisha saikolojia ya ujifunzaji, upimaji, matumizi ya zana. Mhadhiri wa uhandisi anapita mbele ya mlango wao akienda kula chakula cha mchana, na hajawahi kuitwa aingie.

Na muda hautusubiri. Mtaala ulioboreshwa, wa umahiri, ulianza kutumika mashuleni 2024. Watoto hao wanazoezwa kufanya, kujadiliana, kuonyesha kazi. Miaka si mingi watafika kwenye kumbi zetu, watusikilize tukisoma slaidi.

Wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa saa na kuzunguka vyuo vitatu kwa wiki, hata hizo semina za siku mbili hawaalikwi. Hilo nitaliandikia siku yake.

Kwa sasa naomba kitu kidogo kinachowezekana mwaka huu. Kabla wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajaripoti, madarasa yanakuwa matupu kwa wiki kadhaa. Waiteni wakufunzi wasaidizi wote wapya wiki mbili kabla. Kila mmoja afundishe kipindi kimoja mbele ya wenzake na mtu wa elimu akiwa amekaa nyuma, aambiwe ukweli, akirudie. Semista ikianza, apangiwe mwandamizi mmoja atakayeingia darasani kwake mara kwa mara na atakayemruhusu naye kuingia lake. Hakuna hoteli hapo wala posho ya safari. Inahitaji mkuu wa idara aandike majina na tarehe, ayabandike mlangoni.