Jamani sijampiga mzee wa watu, nimemmwagia chai tu

Haya, kwa kuwa ile voisi ya kusema nimempiga mzee ishafika hadi kwenye grupu la familia na shangazi kanipigia kutoka Tanga kuniuliza "eti umempiga mzee wa watu uwanjani?", acheni niseme mwenyewe. Sijampiga mtu. Nimemmwagia chai. Tofauti ipo.

Ilikuwa Jumatatu tarehe 4 Agosti 2025, pale uwanja wa Oval, London ya kusini, India na Uingereza siku ya tano ya mechi ya tano. Rafiki yangu, Mhindi wa Upanga ambaye Kiswahili chake kinanishinda hata mimi, alikuwa na tiketi moja imebaki, kanivalisha jezi yake ya bluu ya India inayonibana tumbo, tukaenda. Mi kriketi najua kwa kuhadithiwa. Hesabu nilielewa tu: Uingereza wanataka rani 35 (pointi, kwa nyie wenzangu wa soka), India wanataka wiketi 4 (yaani kuwatoa wapigaji wanne), na mmoja wa hao Waingereza, Woakes, bega limemtoka tangu siku ya kwanza.

Mbele yangu kakaa mzee wa Kihindi, kofia pana, chupa ya chai na hotipoti ya chapati miguuni. Harufu ile jamani. Sijanywa hata maji asubuhi. Basi kila akifunua mi namwambia rafiki yangu kwa Kiswahili, kwa sauti kabisa maana nani atanielewa London, "mwone huyu, anakula kama anafuturu chumbani peke yake, karibu hana, na hiyo kofia kama ungo wa kupepetea mchele." Rafiki yangu anacheka hadi machozi. Nikajiona mchekeshaji kweli. (Kumbukeni hicho kicheko, tutarudi.)

Wiketi zikaanguka, moja, mbili, tatu, mara Woakes huyo anaingia, mkono umefungwa ndani ya sweta, uwanja mzima tukasimama kumpigia makofi hata sisi wa bluu. Zimebaki rani 17 na wiketi moja. Mi sasa nimeshakuwa Mhindi kamili, natetemeka kama nimezaliwa Hyderabad.

Siraj, mrushaji wa India, anakuja mbio. Anarusha. Atkinson, mpigaji wa Uingereza, anaupiga kwa nguvu zote, mpira juu, juu kabisa, watu wamenyamaza. Kule kwenye kamba ya ukingo wa uwanja Akash Deep wa India anarudi nyuma, akiudaka tu tumeshinda, mikono hewani, mpira unashuka, unashuka, unamgusa viganja, NIMEUONA UNAMGUSA. Mzee mbele yangu ndo kwanza anajimiminia kikombe, kajaza hadi ukingoni, na macho yake yako hewani kama yetu. Nikaruka. "KADAKAAA! IMEISHAAA!" Nikamkumbatia mzee kwa nyuma, nikamtikisa kama mti wa mwembe, nikambusu kofia, nyie nilimbusu kofia, chai ikapanda juu na kuteremka yote kifuani kwake na kwenye hotipoti.

Ndo nikagundua naimba peke yangu. Wenye bluu wote wameshika vichwa. Kelele zipo, ila zinatoka kwa Waingereza. Mpira ulimponyoka ukavuka kamba. Hapo ni rani sita kwa Uingereza. Zimebaki 11, na mi ndo shabiki pekee wa India duniani aliyeshangilia.

Mzee akageuka polepole. Akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya shati, sehemu moja tu iliyobaki kavu. Akaniangalia, kisha kwa Kiswahili, KISWAHILI NYIE, akasema:

"Kijana, kama ulikuwa unataka chapati ungeomba tu."

Rafiki yangu kalala chini ya viti. Kumbe walishaongea mlangoni asubuhi wakati mi natafuta choo, mzee ni wa Jinja, Uganda, kafukuzwa na Amin 1972 akiwa kijana, Kiswahili hajakiacha. Alijua! Rafiki alijua asubuhi yote na akaniacha niseme ungo!

Mzee akanyoosha kikombe. "Sasa enda lete chai ingine."

Nikaenda, ningefanyaje. Foleni ndefu, mbele yangu mtu mmoja tu kabakia, mara nikasikia uwanja umepasuka, kumbe Siraj kamwangushia Atkinson vijiti kwa yoka (mpira unaotua miguuni kabisa), wiketi ya mwisho hiyo, India kashinda kwa rani 6, mashindano sare 2-2, siku 25 za kriketi tangu Juni na ile ya mwisho kabisa nimeitazama kwenye mgongo wa mtu anayeuliza kama wana maziwa ya soya.

Nikarudi na chai, watu wanalia, wanakumbatiana, na safu nzima ishakubaliana kwamba nuksi ilikuwa mimi, wiketi imeanguka kwa sababu nimeondoka. Chapati nilipewa, moja, imelowa chai. Na mzee kasema mechi ijayo tiketi yangu atalipa yeye, ila nikae kule kule kwenye foleni.