Saa yako ni mkweli wa dakika, si wa kilomita

Kila nusu marathoni inapomalizika, iwe Moshi, Dar es Salaam au Nairobi, makundi ya WhatsApp ya wakimbiaji hujaa picha za vioo vya saa za GPS, zile zinazokadiria umbali kwa setilaiti: kilomita 21.32, 21.41, 21.5. Mmoja anaanza, "Waandaaji wametuongezea." Wa pili anaunga mkono, na kabla chai haijapoa njia nzima imeshahukumiwa. Mimi naona hukumu hiyo mara nyingi ni ya uonevu. Saa iliyosoma 21.3 kwenye njia ya kilomita 21.0975 imefanya kazi yake vizuri tu. Iliyosoma 20.8 ndiyo ya kuulizia maswali.

Njia ya mbio iliyothibitishwa haipimwi kwa GPS wala kwa gari. Inapimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kidogo kwenye gurudumu la mbele, kinachosogea zaidi ya mara 10,000 kwa kila kilomita. Kabla ya kazi, mpimaji anaiendesha baiskeli hiyo mara nne kwenye kipande kilichonyooka kisichopungua mita 300, ambacho urefu wake umepimwa kwa utepe wa chuma. Akishamaliza njia anarudia tena mara nne, kwa sababu tairi lililopata joto hubadilika ukubwa. Njiani anafuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita: sentimita 30 kutoka ukingoni kwenye kona, kisha anakata moja kwa moja kuelekea kona inayofuata. Mwishoni anaongeza sehemu 1 kwa 1,000, ili njia isije ikapungua hata kidogo. Kwenye marathoni hiyo ni mita 42, kwenye nusu ni mita 21. Kwa hiyo ndiyo, wamekuongezea, ila ni mita 21.

Mita nyingine umejiongezea mwenyewe. Kona moja ya nyuzi 90, ukiipita mita 4 nje ya mstari wa mpimaji, inakugharimu mita 6 na ushee. Zikiwa kona 30 na zote umezipita kwa nje, zinakaribia mita 190. Hapo hujahesabu kuyumba huku na huku ukiwapita watembea kwa miguu wa kilomita ya kwanza, wala kuvuka barabara kufuata meza ya maji.

Kinachobaki ni cha saa yenyewe. Saa haipimi hatua zako barabarani. Inakadiria mahali ulipo, tuseme kila sekunde moja, kisha inaunganisha nukta. Kila nukta ina kosa la mita kadhaa, mara kushoto, mara kulia. Mtu angedhani makosa hayo yanafutana, lakini kwenye umbali hayafutani: ukichora mstari ulionyooka kwa nukta zinazoyumba unapata msumeno, na msumeno siku zote ni mrefu kuliko mstari. Ndiyo maana kwenye barabara iliyonyooka saa huzidisha. Kwenye vijia vyenye kona kali, kama vya msitu wa Karura, hutokea kinyume, hasa kama umechagua hali ya kuokoa betri, inayoweka nukta chache. Saa inakata kona ambayo miguu yako haikuikata, na umbali unapungua.

Majengo marefu ni balaa la peke yake. Mawimbi ya setilaiti, ambazo kwa GPS ziko kilomita 20,200 juu, yanagonga ukuta wa vioo na kukufikia yamechelewa, na saa inaamini uko mtaa wa pili. Katikati ya Nairobi na Posta ya Dar es Salaam utaliona hilo kwenye ramani. Hata vichochoro vya Mji Mkongwe Zanzibar, ambako nyumba si ndefu ila zimebanana, vinatosha kuichanganya saa. Ukikimbia chini ya barabara ya juu ya Nairobi, ile inayotoka Mlolongo hadi Westlands, anga imefunikwa kwa zege na saa inabaki kukisia. Saa zinazopokea masafa mawili ya mawimbi ya setilaiti, yanayoitwa L1 na L5, huchuja mwangwi huu vizuri zaidi. Kama yako ina uwezo huo, iwashe siku ya mbio na ukubali betri iishe mapema.

Haya yote yana bei, na bei inalipwa kwenye mwendo. Chukua mtu anayetaka marathoni ya saa 4 kamili. Hesabu ya karatasini inampa dakika 5 na sekunde 41 na ushee kwa kilomita. Anaushika mwendo huo kwenye kioo cha saa kwa nidhamu kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini saa yake inamaliza ikisoma kilomita 42.7. Atavuka mstari kwa 4:02:52, akijiuliza hizo karibu dakika 3 zimeibiwa wapi. Alipaswa kuona 5:37 kwenye kioo.

Dawa yake ni rahisi na watu wachache wanaitumia: zima raundi ambazo saa hujihesabia yenyewe kila kilomita (auto lap), kisha bonyeza kitufe cha raundi mwenyewe unapopita kila kibao cha kilomita. Hapo umbali unatoka kwa mpimaji wa baiskeli na dakika zinatoka kwenye saa, kila mmoja akifanya anachokijua. Weka kwenye kioo muda wa jumla na muda wa raundi, basi. Mwendo wa papo kwa papo uondoe kabisa. Unaruka kutoka 5:10 hadi 6:05 na wewe hujabadili chochote. Vibao navyo huwekwa vibaya wakati mwingine, kwa hiyo kilomita moja ikisoma 5:20 na inayofuata 6:02, usihangaike, chukua wastani wa zote mbili.

Wanaotumia simu wana tatizo la ziada. Simu nyingi za Android, kioo kikizimika, huziua programu zinazokula betri. Ukirudi nyumbani unakuta ramani ina mstari mmoja ulionyooka kutoka Coco Beach hadi ncha ya Masaki, umekatiza baharini kama ngalawa. Nenda kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu yako ya kukimbilia na uiondolee vizuizi vyote. Kisha kwenye ruhusa za mahali, iruhusu ijue mahali halisi, si pa kukadiria. Zima hali ya kuokoa betri. Na simu ikae mkononi au begani, si kwenye mkoba wa kiunoni chini ya fulana.

Kuhusu kuanza: usibonyeze kitufe mara tu saa inapolia kuwa imeona setilaiti. Imepata za kutosha kuanza, haijapata za kutosha kuwa sahihi. Simama mahali peupe dakika moja au mbili zaidi. Usiku wa kuamkia mbio iunganishe na simu ipakue ratiba ya setilaiti. Saa iliyokaa wiki mbili kabatini, au iliyosafiri kutoka Dar es Salaam hadi Eldoret bila kuunganishwa, italazimika kuipokea ratiba hiyo angani. Kila setilaiti hurudia taarifa zake za njia kila sekunde 30, na ukipita chini ya mti katikati ya ujumbe, unasubiri tena.

Uwanjani GPS iachie kazi nyingine. Mita 400 za mzunguko ni za njia ya kwanza tu, ile ya ndani kabisa, zikipimwa sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani. Njia ya 4 ni kama mita 422, ya 8 ni kama 453, kwa hiyo raundi 10 za njia ya 8 ni kilomita 4.5, si 4. Baadhi ya saa zina hali ya uwanjani ambapo unachagua namba ya njia. Chagua kwa kweli. Na viwanja vya nyasi vya shule, vilivyochorwa kwa chokaa, vipime kwanza. Vingi havifiki mita 400.

Kwenye muda saa haina lawama, lawama ni ya mwenye saa. Hali ya saa kujisimamisha yenyewe kila unaposimama (auto pause) ikiwa imewashwa, kila taa nyekundu na kila foleni ya maji inafutwa, halafu mtu anatangaza rekodi ambayo mkeka wa kupimia muda wa mstari wa mwisho hauijui. Siku ya mbio izime. Bonyeza kitufe unapokanyaga mkeka wa kwanza, si bunduki inapolia, na muda wako utalingana na wa chipu uliyovaa, kwa tofauti ya sekunde moja mbili.

Pamoja na hayo, njia fupi zipo kweli. Marathoni ya Manchester, Uingereza, ya 2013, 2014 na 2015 iligundulika baadaye kuwa imepungua mita 380, na muda wa maelfu ya watu ukakosa uhalali. Kwa kuwa saa huelekea kuzidisha, saa kumi za aina tofauti zikisoma pungufu kwenye barabara ya wazi, hiyo ni kesi. Waombe waandaaji cheti cha kipimo na uangalie tarehe. Cha World Athletics, shirikisho la riadha duniani, hudumu miaka 5, mradi njia haijabadilishwa. Kisha uliza koni ya kugeuzia iliwekwa wapi asubuhi ile, na nani aliiweka. Ikisogezwa mita 50 tu kuelekea mwanzo, zimepotea mita 100, kwenda na kurudi.