Puerto Vallarta: haki zilitoka mahakamani, mtaa ukajengwa na watalii

Ukiuliza wapenzi wa jinsia moja waende wapi kwa likizo ya ufukweni nchini Mexico, jina la kwanza utakalotajiwa ni Puerto Vallarta. Mji huu uko jimbo la Jalisco, kwenye Ghuba ya Banderas upande wa Pasifiki, na sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 291,839 katika manispaa nzima. Wanaousifu husema pesa ya utalii ndiyo iliyolainisha mioyo katika jimbo lenye Ukatoliki wa kushika dini hasa, hadi wanaume wawili wakaweza kutembea wameshikana mikono bila kugeuka kuangalia nani anawafuata. Wanaoulaumu husema pale ni kiwanja cha starehe cha Wamarekani na Wakanada, mitaa michache tu, ambamo mwenyeji huingia akiwa amebeba sinia. Pande zote mbili zina ushahidi. Lakini zote zinachanganya vitu viwili vyenye asili tofauti, haki katika sheria na nafasi ya kuishi waziwazi, na ndiyo maana mjadala wao hauishi.

Tuanze na haki. Kanuni ya adhabu ya 1871 iliacha kuyahesabu mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa nchini Mexico, ila polisi hawakukosa kisingizio. Waliendelea kukamata watu kwa kuvunja maadili, kama walivyofanya Novemba 1901 walipovamia dansi katika Jiji la Mexico na kuwachukua wanaume 41, namba ambayo ikageuka tusi kwa vizazi vilivyofuata. Katiba ilipiga marufuku ubaguzi mwaka 2001, na marekebisho ya 2011 yakautaja waziwazi ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo wa kimapenzi. Jiji la Mexico lilianza kufungisha ndoa za jinsia moja Machi 2010.

Jalisco haikufuata. Kardinali Juan Sandoval Íñiguez, askofu mkuu wa Guadalajara hadi 2011, alikuwa miongoni mwa wapinzani wakali kabisa wa ndoa hizo nchini, na wanasiasa wa jimbo walijua waumini wake ni wapiga kura wao. Wapenzi waliotaka kuoana ilibidi wafungue kesi ya amparo, yaani maombi kwa mahakama ya shirikisho iwakinge dhidi ya kitendo cha serikali. Ubaya wa njia hiyo ni kwamba hukumu humlinda aliyefungua kesi peke yake. Jirani yake mwenye shida ileile huanza upya, kwa wakili wake na kwa pesa yake. Tarehe 26 Januari 2016 Mahakama ya Juu ya taifa ilivibatilisha vifungu vya sheria ya kiraia ya Jalisco vilivyoiruhusu ndoa kwa mwanamume na mwanamke tu. Hata hapo bunge la jimbo lilivuta miguu hadi Aprili 2022 ndipo likaiandika ndoa hiyo katika sheria, na kupiga marufuku zile zinazoitwa tiba za kumbadili mtu mwelekeo wake.

Sasa itazame Cancún, upande wa pili wa nchi, jimbo la Quintana Roo. Cancún ina hoteli nyingi kuliko Vallarta. Sheria ya kiraia ya jimbo hilo haikutaja jinsia ya wanaooana, na wanaharakati walilishika pengo hilo: ndoa za kwanza zilifungwa Novemba 2011 katika mji mdogo wa Kantunilkín, zaidi ya miaka minne kabla ya hukumu iliyoigusa Jalisco. Je, Cancún iliipokonya Vallarta nafasi yake? Hapana. Na Vallarta nayo ilianza maandamano yake ya fahari, Vallarta Pride, mwaka 2013, wakati mtu wa pale bado alihitaji wakili ili amwoe mpenzi wake. Anayesema utalii ulileta haki Jalisco ana kazi ya kuueleza mpangilio huo wa tarehe.

Nafasi ndiyo iliyoletwa na utalii, na hapo wanaousifu mji wako sahihi. Mwongozaji wa sinema John Huston alipopiga filamu yake huko Mismaloya, jirani na mji, mwaka 1963, na magazeti ya dunia yakamiminika kuwafuata nyota wa sinema Richard Burton na Elizabeth Taylor, mji wa wavuvi ulipata jina. Hoteli kubwa zilijengwa kaskazini. Kusini mwa mto Cuale, mtaa wa Emiliano Zapata ambao sasa watu huuita Zona Romántica, ulibaki na nyumba ndogo, vichochoro vya mawe na vyumba vya bei nafuu. Kufikia miaka ya 1990 baa na nyumba za wageni za wapenzi wa jinsia moja zilikuwa zimeota hapo. Baadaye Acapulco, mji mwingine wa Pasifiki ambako ufukwe wa Condesa ulikuwa maarufu kwa wateja haohao, ilianza kuharibikiwa kwa uhalifu. Wageni hawakuacha kwenda Mexico, walibadili uwanja wa ndege.

Kinachoifanya Zona Romántica ifanye kazi ni ukaribu. Kutoka mtaa wa Olas Altas hadi maji ni dakika chache kwa mguu. Kutoka ufukweni hadi ukumbi wa maonyesho, hivyohivyo. Na kutoka ukumbini hadi kitandani hakuna haja ya teksi. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu hatua za hatari kati ya baa na nyumbani kwake, hilo peke yake ni sababu ya kupanda ndege.

Ufukwe wenyewe, Los Muertos, unaonyesha vizuri mvutano wa mji mzima. Kisheria fukwe za Mexico ni mali ya umma, na ukanda wa mita 20 za nchi kavu unaopakana nazo ni wa serikali ya shirikisho, ambayo hutoa vibali vya kuutumia. Mwenye kibali hupanga viti na miamvuli. Upande wa kusini, ambako wapenzi wa jinsia moja hutambuana kwa rangi ya viti, mgeni akikaa huletewa menyu na masharti ya kiwango cha chini cha matumizi. Makosa hutokea hapo. Uliza kabla hujakaa: kiwango ni kwa kila mtu au kwa kila kiti? Vinywaji vinahesabiwa, au chakula tu? Bakshishi imeshaongezwa kwenye bili? Usipotaka kununua, tandika taulo kwenye mchanga ulio wazi. Tangu 2020 sheria inaweka faini ya vipimo 3,000 hadi 12,000 vya UMA, kipimo cha serikali cha kukokotolea faini, kwa anayemzuia mtu kufika ufukweni. Tatizo ni kwamba viti vikibanana, mchanga ulio wazi hupungua, na kijana wa Vallarta asiye na pesa ya bia tatu hana pa kukaa katika ufukwe unaosifiwa kuwa wake.

Kodi za nyumba ndizo zilizouma zaidi. Katiba inamkataza mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 50 kutoka baharini, lakini sheria inamruhusu kupitia fideicomiso: benki inabaki na hati, mgeni anapata haki zote za kutumia, kupangisha, kuuza na kurithisha, kwa miaka 50 inayoweza kuongezwa. Mpango huo ni halali na umewapa wastaafu wengi wapenzi wa jinsia moja uzee wenye amani ambao miji walikozaliwa haikuwapa. Faida hiyo ni ya kweli, na anayeibeza hajafikiria maisha ya mtu wa miaka 70 aliyejificha miaka 50. Ila vyumba vinaponunuliwa ili vipangishwe kwa usiku mmoja mmoja kwa dola, mpishi na mcheza dansi wa kwenye jukwaa hawawezi kushindana. Kima cha chini cha mshahara nchini Mexico mwaka 2025 kilikuwa pesos 278.80 kwa siku, kama dola 15. Kwa hiyo wafanyakazi wengi huishi El Pitillal, Las Juntas au Ixtapa, mbali na bahari, na hutegemea bakshishi zinazokauka mvua zinapoanza Juni na kuendelea hadi Oktoba. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Vallarta inabidi tuulize ni mwenyeji yupi.

Hata hivyo, lawama ya kwamba Pride ni biashara tupu haikamiliki. Ni kweli sherehe hufanyika mwishoni mwa Mei, karibu na mapumziko ya Memorial Day ya Marekani, na hoteli hupata wateja wakati ambapo msimu wa baridi wa Kaskazini umeshaisha. Lakini siku hizo hizo ndizo ambazo vijana wa Jalisco na majimbo ya jirani huweza kumudu vyumba. Guadalajara, mji mkuu wa jimbo, ulijaa maandamano ya kupinga ndoa za jinsia moja Septemba 2016; kijana aliyeyashuhudia yale hupata Vallarta kitu asichokipata kwao, hata kama bango juu ya kichwa chake limelipiwa na kampuni ya bia.

Nani hayumo katika picha? Wanawake. Baa na hoteli nyingi za mtaa ule zimepangwa kwa ajili ya wanaume wenye kipato, na matangazo yanasema hivyo bila maneno. Wanawake waliobadili jinsia hualikwa jukwaani kwa urahisi kuliko wanavyoajiriwa mapokezi. Na nje ya mtaa, Mexico bado ni hatari kwao na kwa wengine: Novemba 2023 Jesús Ociel Baena, hakimu wa mahakama ya uchaguzi aliyejitambulisha waziwazi kuwa si mwanamume wala mwanamke, alikutwa amekufa nyumbani kwake Aguascalientes, jimbo linalopakana na Jalisco.

Usalama wa mgeni nao una mipaka yake. Juni 2025 ubalozi mdogo wa Marekani mjini Guadalajara ulitoa tahadhari kuhusu raia wake waliotekwa na watu waliokutana nao kupitia programu za kutafuta wapenzi, Puerto Vallarta na eneo jirani la Nuevo Nayarit, huku familia zikidaiwa fedha nyingi ili waachiwe. Ushauri wa kivitendo ni huu: mkutane kwanza mahali penye watu, baa au mgahawa uliouchagua wewe, usikubali kubadilishiwa mahali dakika za mwisho, usipande gari lake, mwachie rafiki picha ya wasifu wake na mahali ulipo, na namba ya dharura ni 911. Watekaji wanajua mgeni anajiona yuko salama pale, na hali hiyo ndiyo wanayoivizia.

Anayekwenda kufunga ndoa ajue kwamba Mexico inatambua ndoa ya Registro Civil, ofisi ya serikali ya usajili, tu. Sherehe ya mchangani yenye maua haina nguvu ya kisheria mpaka msajili asaini. Kwa kawaida hudaiwa pasipoti, vyeti vya kuzaliwa vyenye apostille (uthibitisho rasmi wa hati ili ikubalike nchi nyingine) na tafsiri ya mtafsiri aliyeidhinishwa, vipimo vya damu vya karibuni na mashahidi. Kinachowakwamisha wengi ni apostille, kwa kuwa hutolewa na nchi iliyotoa cheti; ukigundua umeisahau ukiwa Vallarta, tarehe yako imepita.

Kama mji unataka kuwajibu wakosoaji wake, pa kuanzia pako mezani kwa manispaa na hapahitaji rangi za upinde wa mvua: leseni na ukomo wa vyumba vya kupangisha kwa muda mfupi kusini mwa Cuale, ukaguzi wa vibali vya viti ufukweni, na basi la usiku la kwenda Pitillal kwa wanaofunga baa alfajiri. Wenye hoteli wana sauti kubwa katika ofisi hizo. Wakiitumia kwa ajili ya wafanyakazi wao kama walivyoitumia kwa ajili ya Pride, hoja ya kwamba utalii huwafaa wenyeji wapenzi wa jinsia moja itapata ushahidi ambao leo bado ni mchache.