Mshairi na Sikio la Kikombe

Mke wangu ana namna tatu za kuniita. Akisema "baba watoto," mambo ni shwari. Akinitaja kwa jina langu lote mpaka la babu, najua kuna karatasi ya deni ameikuta mfukoni mwa suruali wakati wa kufua. Lakini akisema "mume wangu" kwa ile sauti ya muuguzi aliyeficha sindano mgongoni, basi kuna kitu kimevunjika humu ndani na fundi keshateuliwa.

"Mume wangu," aliita Jumamosi ile.

Nilikuwa mezani tangu asubuhi, daftari mbele yangu, kalamu mkononi, ukurasa mweupe. Zilibaki wiki mbili tutimize miaka 12 ya ndoa, na nilikuwa nimejiapiza kwamba safari hii sinunui zawadi. Zawadi za kununua zinanikataa. Mwaka juzi nilimpa saa ya ukutani, akaitazama, akanitazama, akauliza kama kuna jambo nataka kumwambia kuhusu kuchelewa. Mwaka jana nilimpa mizani ya kujipimia uzito. Tusiizungumzie mizani. Mwaka huu nikasema namtungia shairi, kwa mkono wangu, kwa siri, halafu nimsomee siku yenyewe. Nani amewahi kugombana na mumewe kwa sababu ya shairi?

Shida ni kwamba mawazo yangu hayana adabu. Nikikaa mezani kama mtu mwenye heshima zake, kichwa kinanyamaza kama darasa wakati wa likizo. Nikiingia bafuni, povu limeshaingia machoni na taulo silioni, ndipo mistari inapopiga hodi, tena kwa foleni. Wasomi wa mambo ya akili wanasema ni kawaida: ukiipa akili kazi nyepesi ya mikono, inatangatanga huko na kuokota vitu. Sawa, lakini kwa nini iokote wakati sina pa kuandikia? Kuna siku nilipata kina kizuri ajabu nikiwa nimebeba pipa la taka. Nikalitua, nikaliandika neno kiganjani kwa kalamu ya mtoto, nikaendelea na kazi nikisahau kabisa. Jioni mke wangu akanishika mkono, kwa mapenzi tu, akasoma: ZUMARIDI.

Dakika arobaini. Dakika arobaini namweleza mwanamke huyu kwamba Zumaridi ni kito cha kijani, si mtu, na kwamba sina namba yake ya simu. Siwezi kumwambia ni kwa ajili ya shairi, kwa sababu shairi ni siri. Akanyamaza, lakini hadi leo akiona kitu cha kijani ananiangalia.

Nikiri pia kwamba hii si mara yangu ya kwanza kutafuta uandishi. Zamani kidogo nilikuwa na hadithi zangu kwenye karatasi, mwandiko wangu kama kuku aliyekanyaga wino, nikataka mke wangu aninakilie vizuri. Nikamtolea mfano wa Leo Tolstoy, yule Mrusi mwenye ndevu. Nikamwambia mkewe, Sophia, alimzalia watoto 13 na bado usiku alikaa na mshumaa akimnakilia miswada yake, na husemwa riwaya moja nene aliinakili upya mara kadhaa. Nikasita kidogo ili mfano uingie.

Kosa langu lilikuwa kumwachia simu. Kabla ya kulala alikuwa amemaliza kusoma habari zote.

"Huyo mzee wako," akasema, "mwaka 1910, ana miaka 82, alimtoroka mkewe usiku baada ya miaka 48 ya ndoa. Akaugua njiani, akafia stesheni ya treni. Mkewe akafuata, na hakuruhusiwa kumwona mpaka alipokwisha kupoteza fahamu." Akazima taa. "Kwa hiyo kunakili hakusaidii. Na wewe ukitaka kutoroka, toroka mapema, magoti yangali yanakubali."

Tangu hapo najinakilia mwenyewe.

Sasa turudi kwenye ile "mume wangu." Kilichovunjika kilikuwa kikombe chake cha bluu. Si kizima, sikio lake tu lilikuwa limetoka. Ana vikombe vingine saba, na haoni kimoja kati ya hivyo saba. Kile cha bluu ndicho kinachomkaa mkononi, basi. Aliniwekea mezani, juu ya daftari, kikombe upande huu na sikio upande ule, kama ushahidi mahakamani, akaongeza chupa ndogo ya supagluu.

"Tone moja linatosha," akasema, akaenda zake.

Mwambie mwanamume kwamba tone moja linatosha, ndipo utakapoona anavyobonyeza.

Gundi hii ina historia yake, na mimi niliisoma baadaye, kwa mkono mmoja. Mwaka 1942 mkemia wa Kimarekani, Harry Coover, alikuwa na wenzake kwenye kampuni ya Kodak wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vioo vya kulengea bunduki. Wakapata dawa inayong'ang'ania kila kinachoigusa. Wakaitupilia mbali, usumbufu mtupu. Mwaka 1951 ikarudi tena kwenye utafiti mwingine, na mwenzake mmoja, Fred Joyner, akaipaka katikati ya vioo viwili vya kifaa cha maabara. Havikuachana tena. Kifaa ghali kikafa hapo hapo, na kifo chake ndicho kilichowafumbua macho: kumbe hiki ndicho tulichokuwa nacho siku zote! Kufikia 1958 gundi ilikuwa inauzwa. Ona watu walivyo na bahati. Huyu kabandika vioo vya ofisi, kaingia kwenye vitabu. Mimi nimebandika kidole changu mwenyewe, kwa gharama yangu, na hakuna aliyeniita mgunduzi.

Maana nilibonyeza, na ile chupa ikatema. Likaja tone, halafu likaja na ukoo wake wote. Likashuka sikioni mwa kikombe, likapita kwenye kidole gumba, likazungukia cha shahada. Nikasema sina wasiwasi, nashikilia hivi hivi hadi likauke, halafu naachia. Nikahesabu hadi ishirini. Nikaachia. Kikombe hakikukubaliana na uamuzi huo.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba gundi hii haikauki kwa hewa kama rangi ya ukutani. Inagandishwa na unyevu. Unyevu kidogo tu wa ngozi unaitosha. Sasa mimi, nilipoona vidole viwili na kikombe vimekuwa ndugu wa damu, nikafanya nini? Nikatoa jasho. Kila nilivyozidi kuogopa ndivyo nilivyozidi kuisaidia.

Ilibaki gundi mbichi kidogo kwenye kiganja. Nikanyakua tambara, fulana yangu ya zamani ya pamba, nipanguse. Ndugu zangu, pamba na supagluu vikikutana vinatoa joto, na ni joto la kweli linaloweza kukubabua. Nimekuwa nikisikia watu wakisema mambo yamepamba moto. Siku ile niliyashika. Nikaruka, kikombe kikaruka nami, kwa kuwa sasa tulikuwa tunasafiri pamoja.

Na hapo hapo, nimesimama katikati ya chumba, mkono wa kulia umevaa kikombe, wa kushoto umebabuka, ndipo ubeti ukashuka.

Ulishuka mzima, una vina na una kituo. Nilikaa mezani siku kumi na moja ukanikimbia, leo sina mkono wa kuandikia ndiyo unakuja umenyooka kama askari wa gwaride. Nikajaribu mkono wa kushoto. Nikaandika herufi W, ikalala chali, ikafanana na M. Nikajaribu kusema kwenye simu inirekodi, skrini haikunitambua kidole kwa sababu ya ngozi ngumu ya gundi. Ubeti umeanza kunitoka. Nikaurudia kwa sauti, nikizunguka meza.

"Baba anaongea na kikombe," binti yetu akatangaza kutoka mlangoni. Ana miaka tisa, na taarifa zake hazina chumvi.

Mke wangu akaja. Akatazama mkono. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema tu, "Tone moja, nilikwambia."

"Chukua kalamu."

"Tuanze na mkono kwanza."

"Mkono hauendi popote! Chukua kalamu, andika ninachosema, na usisome."

"Niandike bila kusoma?"

"Andika kama karani. Usiwe msomaji."

Akaketi. Siri ya siku kumi na moja ikaanza kumwagika, nami namwagia yule yule niliyekuwa namficha.

"*Wewe ni taa ya nyumba, giza likija huwaka.*"

Akaandika. Akahesabu kwa vidole, nane kwa nane, akaitikia kwa kichwa. Nikajipa moyo.

"*Wewe ni nguzo imara, paa lote umelishika.*"

Kalamu ikasimama. "Nyumba na imara, vina vyake vimeonana wapi? Halafu hapa mwisho." Akahesabu tena, taratibu, akiniinulia kidole kimoja kimoja. "Pa-a-lo-te-u-me-li-shi-ka. Tisa. Imezidi mizani."

Mizani tena. Nimeandikiwa kufa na mizani.

"Wewe karani!" nikamkumbusha.

"Karani amesoma shule." Akaandika kitu, akageuza karatasi nione: *Ni nguzo isiyoyumba, paa zima umeshika.* Nikahesabu kimoyomoyo, nikitumia vidole vitatu vilivyobaki huru. Ulikaa sawa, hata kuliko wangu. Kuna maumivu ya gundi, na kuna maumivu ya kusahihishwa shairi la mapenzi na mwenye kupendwa, na ya pili asetoni haiyatoi.

Mshororo wa tatu aliuandika bila kuniuliza:

*Mume alipojigamba, kikombe kilimshika.*

"Huo haumo!" nikasema.

"Sasa umo. Kituo?"

Nikashusha pumzi. Kituo ndicho kilichonileta duniani. Nikakitamka polepole, macho nimeyafumba:

"*Mapenzi si ya kuomba, ni gundi isobanduka.*"

Kimya. Nikafumbua jicho moja. Alikuwa ameacha kuandika, ananiangalia kwa uso ambao sijauona tangu enzi za uchumba. Kwa sekunde tatu hivi nilikuwa mshairi. Kisha akainua ile chupa ndogo, akaisogeza karibu na macho, akasoma yale maandishi ya ukubwa wa sisimizi.

"Inabanduka," akasema. "Wameandika hapa. Maji ya vuguvugu na sabuni, au asetoni."

Asetoni ni ile dawa anayofutia rangi za kucha. Akaniketisha, mkono kwenye beseni, akawa anabandua taratibu kwa kupindapinda, si kwa kuvuta, maana ukivuta unaondoka na ngozi. Palipogoma akadondoshea asetoni. Kazi ya nusu saa, na sijui kwa nini naificha, ilikuwa nusu saa nzuri. Hatujakaa tumeshikana mikono muda mrefu hivyo tangu siku ya harusi, na siku ile kulikuwa na mpiga picha anatulazimisha. Tungeimaliza salama kama nisingetaka kusaidia. Niligusa kile kichupa kwa kiwiko, asetoni ikamwagika mezani, na vanishi ya meza ikakunjamana kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Doa lile bado lipo. Tumeliwekea kitambaa, na wageni wakikigusa tunakohoa wote wawili.

Siku ya miaka 12 ikafika. Nilikuwa nimelinakili shairi kwa mwandiko safi, beti tano, nne nilizitunga mwenyewe na zote zina kasoro. Nikasimama. Mke wangu akakaa mkao wa mtu anayeshtukizwa, mikono kifuani, kikombe cha bluu mbele yake kimejaa cha moto, sikio limeinama kidogo kushoto kwa sababu nililibandika wakati naruka. Nikasoma. Kwenye taa alitabasamu. Kwenye nguzo alitabasamu zaidi, kwa vile ni yake. Kwenye mume na kikombe binti yetu alipiga makofi peke yake.

Nikafika kwenye kituo. Nikapunguza sauti, nikamtazama machoni, nikasema *ni gundi isobanduka*, naye, sijui kwa kuguswa au kwa kiu, akainua kikombe.

Supagluu haipendi joto. Hilo nalo limeandikwa pale kwenye chupa, chini kabisa. Sikio lilipanda na mkono wake hadi karibu na midomo. Kikombe kilibaki mezani, kikayumba, kikalala ubavu juu ya kile kitambaa cha doa.

Mke wangu akalitazama lile sikio kati ya vidole vyake viwili, akaligeuza upande huu na upande ule.

"Isobanduka," akasema.

Binti yetu alikuwa keshashuka kitini kwenda kuleta gundi.