Kayumba na Kayumba hazilingani: kabla hujamhamisha mtoto kwa ajili ya wastani

Kila uandikishaji wa darasa la kwanza ukifunguliwa, huku kwetu Dar, Mbezi mpaka Goba, maneno ni yale yale, mwenye hela atampeleka mwanae ingilishi midiam na asiye nayo basi ndo Kayumba hivyo, yaani shule ya msingi ya serikali. Watu wanaongea kama vile Kayumba ni moja. Mi mwaka huu nimezunguka shule mbili za serikali, zote manispaa hii hii ya Ubungo, mkurugenzi mmoja, mtaala mmoja, vitabu vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) vile vile, na nakwambia ukitoka moja ukaingia nyingine unaweza kudhani umevuka mkoa.

Ya kwanza iko pembeni ya barabara ya Morogoro, ina jina, wazazi mpaka wa Kibamba wanapandisha watoto daladala alfajiri wawahi pale. Ya pili iko bondeni, unashuka na bodaboda huku umeshika kofia, ni ya juzi tu, imejengwa kwa hela za BOOST, ule mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 kwa ajili ya elimu ya awali na msingi. Majengo mazuri, tena kuliko ya ile yenye jina. Ila grupu la wazazi la WhatsApp ukiitaja hiyo ya bondeni unatumiwa skrinshoti ya matokeo ya NECTA, baraza la mitihani, fasta: ya barabarani wastani wake uko kwenye daraja B, ya bondeni C. Mjadala umefungwa.

Sasa mi naona haujafungwa, ndo umeanza.

Wastani wa shule ni nini kwanza? Ni alama za darasa la saba tu, masomo sita kila moja 50, jumla 300, wanajumlisha za watahiniwa wote wanagawanya. B inaanzia 181 mpaka 240, C 121 mpaka 180. Kwahiyo shule mbili zinaweza kupishana alama tano, moja ikaitwa B nyingine C, na huku mtaani ikawa ndo hukumu. NECTA wenyewe mwanzoni mwa 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora, wakisema haina tija. Walioacha ni wao, sisi wazazi tunaendelea kupanga orodha zetu kwenye simu.

Alafu hiyo ya bondeni ilipofunguliwa haikuanza na watoto wa darasa la kwanza peke yao, ilipewa watoto wa kupunguza msongamano wa ile ya barabarani, na waliohamishwa wakajaza mpaka madarasa ya juu. Sisemi mwalimu mkuu alikaa akachagua, ila we jiulize, ukiambiwa punguza watoto 300 na wewe unapimwa kwa matokeo ya mtihani wa la saba wa Septemba, utaanza kumwachia nani? Sasa shule ya kwanza imebaki na wale, ya pili imepokea hawa, miaka miwili baadae tunalinganisha wastani tunasema walimu wa bondeni hawafundishi.

Lakini lililonibadilisha mawazo ni siku niliyoenda zote mbili, sikwenda ofisini, niliomba nichungulie darasa la kwanza. Ile yenye jina nilikuta watoto wanne wanne kwenye dawati la watu wawili, wengine chini kwenye sakafu wamekalia mifuko yao, nikajaribu kuhesabu nikafika tisini nikaacha, na hao ni wa zamu ya asubuhi, mchana wanaingia wengine chumba kile kile. Mwalimu ni mmama mtu mzima anajua kazi, sauti imemkauka, anaandika "ba be bi bo bu" ubaoni na mstari wa nyuma hawaoni ubao wala hawamuoni yeye. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa. Nikapita darasa la saba shule hiyo hiyo: watoto hamsini na kitu, madawati yanatosha, mwalimu wa hisabati kijana mkali, ubao umejaa mahesabu.

Hapo ndo nikaelewa ile B imetoka wapi. Shule zetu nyingi ziko hivyo, mwalimu mzuri anawekwa madarasa ya mitihani, la nne na la saba, huko ndo kuna kambi za masomo, huko ndo kuna twisheni ya jioni wazazi wanachangia, kule la kwanza wanaachiwa Mungu. Na darasa la nne asiyefikia alama anarudia darasa, kwahiyo wanaofika la saba wameshachujwa. Wewe unampeleka mtoto wa miaka sita kwa sababu ya kazi inayofanywa kwa mtoto wa miaka kumi na tatu. Hajui kusoma bado!

Ya bondeni darasa la kwanza walikuwa kama sitini. Bado ni wengi, sitetei. Ila mwalimu alimwita mtoto kwa jina, akaenda mpaka kwenye dawati akamshika mkono akamrekebishia penseli. Ndo hicho tu nilichokiona na kilinitosha kuanza kufikiria upya.

Sasa upande wa pili, maana wale wa skrinshoti nao wana hoja na sitaki kuwaonea. Mtoto wa shemeji yangu alipita ile ile ya barabarani, katika msongamano huo huo, na akachaguliwa shule ya vipaji maalumu. Shule yenye jina ina kitu ambacho majengo mapya hayana: walimu wazoefu waliokaa miaka, kamati ya shule inayokutana kweli, wazazi wanaohudhuria vikao, na watoto wanaoona kaka zao wa mwaka jana wamefaulu kwahiyo na wao wanataka. Na walimu nao ni binadamu, anayepangiwa bondeni anapanga chumba kule barabarani, mvua ikinyesha anafika saa tatu, akipata nafasi ya kuhama anahama. Yule mwalimu aliyemshika mtoto mkono, mwakani anaweza asiwepo. Hilo wastani haukwambii, ila wala kuchungulia kwangu dirishani siku moja hakuniambii.

Na kuna ishu ya hela. Tangu elimu bila ada ianze 2016 ruzuku ni sh 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, na 4,000 katika hiyo ni ya vitabu, shuleni inaingia 6,000. Shule ya watoto 2,000 inapata milioni 12 kwa mwaka, ya watoto 600 milioni tatu na laki sita. Choo kikiziba fundi hakuulizi mna watoto wangapi. Kwahiyo shule kubwa inabanana lakini inapumua, ndogo ina nafasi lakini chaki inakopwa dukani. Hapo ndo michango ya wazazi inaamua, na wazazi wenye uwezo wa kuchangia wamepandisha watoto daladala wamekwenda barabarani. Yaani tunaikimbia shule kwa sababu ni dhaifu na inakuwa dhaifu kwa sababu tumeikimbia.

Mkitaka kujua chanzo, nendeni Sinza. Kule viwanja vilipimwa miaka ya sabini, maeneo ya shule yakatengwa kabla watu hawajajenga. Huku kwetu Goba, Mbezi, Msigani, tulinunua vipande kwa wenye mashamba, kila mtu akabana mpaka wa mwenzake, hakuna aliyeacha eneo la darasa. Ndo maana shule mpya zinaenda mabondeni, ndo ardhi iliyobaki.

Mimi nimeamua hivi: mpaka la nne atasoma bondeni, dakika kumi kwa miguu, analala mpaka saa kumi na mbili badala ya kuamshwa saa kumi kugombania daladala na konda asiyetaka wanafunzi. Akifika la tano nitaangalia tena, pengine nitakuwa mmoja wa hao wanaohamia barabarani, sitaki kujifanya mtakatifu. Mke wangu hajakubali moja kwa moja, anasema nimependa shule kwa sababu ya mwalimu mmoja na penseli moja. Ana haki. Ila tunachobishana sasa hivi si wastani tena, ni kile kidaraja cha magogo kabla ya geti la shule, ambacho masika iliyopita kilibebwa na maji siku mbili baada ya kutengenezwa, na nani atakuwa anamvusha.