"Salamat" ya Wafilipino: imetoka Arabuni moja kwa moja au imepitia kwa Wamalei?

Msemaji wa Kiswahili akimsikia Mfilipino akishukuru kwa maneno "maraming salamat", hulitambua neno hilo papo hapo, ingawa atashangaa kuona usalama umegeuka shukrani. Kwamba linatokana na mzizi wa Kiarabu uliotupatia salama na salamu, ni wachache wanaobisha. Ubishi uko kwenye njia. Wapo wanaoshikilia kwamba Watagalog, watu wa eneo la Manila ambao lugha yao ni Kitagalog, walilipokea kwa wafanyabiashara wa Kiarabu wenyewe, na wapo wanaosema lilipitia Kimalei, ambamo "selamat" ni salama au heri.

Hoja ya kundi la kwanza si ya kupuuzwa. Irabu ya kwanza ya neno la Kitagalog ni a, kama ya Kiarabu, ilhali ya Kimalei ni sauti hafifu inayoandikwa e. Tena Waarabu nao husalimiana "salamat", kwa wingi, na t ikasikika. Hata hivyo, Kitagalog hakina sauti hiyo hafifu, na "keris", silaha mashuhuri ya Wamalei, huko ni "kalis", kwa hiyo irabu haiamui kitu. Ile t ndiyo yenye uzito, na hapo sisi tuna pa kulinganishia: penye baraka, rehema, hekima na sifa kwetu, Kimalei kina berkat, rahmat, hikmat na sifat. Kiswahili kiliiangusha t, Kimalei kikaibakiza, na salama na selamat zinaingia katika safu hiyohiyo bila kulazimishwa.

Historia nayo inaegemea upande wa Wamalei. Bamba la shaba la Laguna, la mwaka 900, limeandikwa zaidi kwa Kimalei cha kale, ishara kwamba lugha hiyo ilikuwa na hadhi Luzon, kisiwa cha Watagalog, kabla ya Uislamu kufika. Mwaka 1521, Enrique, mtumwa wa Magellan, baharia Mreno aliyeongoza msafara wa Wahispania, alizungumza Kimalei na mtawala mmoja wa visiwa vya Visaya akaeleweka.

Jambo linalolitatiza kundi la pili, ambalo mimi naliunga mkono, ni maana. Wamalei hawashukuru kwa "selamat". Wao husema "terima kasih". Watausug wa visiwa vya Sulu, kusini mwa Ufilipino, Waislamu wa siku nyingi, husema "magsukul", kutoka mzizi wa shukrani yetu, na Wailokano wa kaskazini husema "agyamanak". Maana ya shukrani, basi, inaelekea kuzaliwa Ufilipino kwenyewe, katika eneo la Kitagalog na lugha za Visaya, pengine mpokeaji alipomtakia mtoaji heri na dua hiyo ikazoeleka kuwa jibu. Mageuzi ya namna hiyo si mageni: ahsante yetu nayo ilianza kama sifa, kumwambia mtu kwa Kiarabu kwamba ametenda vyema.